Bega la Mwuguzi

Mara nyingi katika ukurasa huu tumesema habari za wagonjwa: mtoto mwenye homa, mama mja mzito, mzee ambaye macho yake yamefifia. Juma hili twataka kumgeukia yule asimamaye kando ya kitanda chao, naye ni mwuguzi. Tena hatutatazama elimu yake wala upole wake. Tutatazama bega lake.

Labda wengine watacheka. Bega lina nini? Lakini nendeni mlangoni pa hospitali saa ya kubadili zamu, mkawatazame wauguzi wanavyovaa nguo zao za kurudia nyumbani. Mmoja aanza na mkono mbovu, autia katika mkono wa koti polepole, kama mtu amvikaye mtoto mchanga, ndipo auvika mkono mzima. Mwingine amwomba mwenzake amfungie kitambaa cha kichwa. Wa tatu abeba kikapu kwa mkono wa kushoto, naye tangu utoto si mtu wa kushoto. Hao wote wana maumivu, na wengi wao hawajamwambia mtu.

Mmoja wa namna hiyo twamfahamu vizuri. Ni mama wa miaka 46, mzazi wa watoto watano, afanya kazi katika chumba cha wagonjwa waliopasuliwa. Ametupa ruhusa tusimulie mambo yake, mradi tusitaje jina lake wala la nyumba anakofanya kazi.

Maumivu yalimwanza usiku. Alipolalia ubavu wa kuume aliamka, akageuka, akalala tena. Baada ya miezi miwili hivi hakuweza tena kutundika chupa ya seromu kwa mkono wa kuume. Alipanda kigoda, akaitundika kwa mkono wa kushoto, na watu wakadhani ni mazoea yake tu. Alipaka mafuta ya kuchua. Alimeza vidonge alivyonunua mwenyewe, kimoja asubuhi na kimoja jioni, hata tumbo likaanza kumwuma. Siku za mapumziko aliufunga mkono kifuani kwa kitambaa asiutumie hata kidogo. “Nilifikiri watasema nimezeeka,” alituambia. “Wakiniondoa, nani atawalipia watoto masomo?”

Usiku mmoja wauguzi watatu walikuwa wakimhamisha bibi mzee kutoka kwenye machela mpaka kitandani. Walihesabu moja, mbili, tatu, wakainua. Na hapo katikati, mkono wa mama huyu uliachia kama kamba iliyooza. Bibi aliteleza. Mwanawe wa kiume alikuwa amesimama mlangoni, ingawa saa ile jamaa za wagonjwa hawaruhusiwi kuwamo. Akaruka, akampokea magotini. Bibi hakuumia. Lakini mama yetu hakulala tena usiku ule, na kulipokucha alikwenda mwenyewe kwa mganga wa viungo, yule ambaye kwetu Kongo twamwita kine kwa kufupisha jina lake la Kifaransa.

Kabla hatujasema aliambiwa nini, yatupasa kueleza bega lilivyoundwa. Ninyi wanafunzi someni hapa kwa uangalifu, maana ni jambo la kupendeza kulijua.

Kiungo cha nyonga kimefanywa kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya shimo, nacho hakitoki upesi. Bega si hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, bali mahali kinapokaa ni padogo tena pana kina kidogo, kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe. Ndiyo sababu mkono waweza kwenda juu, chini, mbele, nyuma na kuzunguka, kupita kiungo kingine chochote cha mwili. Ndiyo sababu pia bega huteguka kwa urahisi. Basi ni nani azuiaye chungwa lisianguke? Ni misuli minne midogo, inayotoka katika kombe la bega na kukizunguka kichwa cha mfupa kama vidole vinavyoshika tunda: mmoja juu, miwili nyuma, mmoja mbele. Kila msuli huishia katika kano, na kano hizo hukaza kichwa cha mfupa mahali pake wakati misuli mikubwa ya nje inapouinua mkono.

Sasa, kano ile ya juu hupita mahali pembamba. Juu yake kuna ncha ya mfupa wa kombe, kama paa. Chini yake kuna kichwa cha mfupa wa mkono. Na katikati kuna kifuko chembamba chenye utelezi, kinachopunguza msuguano. Mtu akifanya kazi miaka mingi mikono ikiwa imeinuliwa au imenyoshwa mbele, kano hiyo huchoka. Katika umri wa miaka arobaini na kuendelea kano hazijitengenezi upesi kama za kijana. Kazi ikizidi nguvu zake, huanza kuuma.

Dalili yake ni rahisi kuitambua. Mkono ukiwa chini hauumi sana. Ukiuinua kwa ubavuni, maumivu huanza kabla haujafika usawa wa bega, huzidi hapo kwenye usawa, na ukishapita juu hupungua. Tena huuma usiku, ukilalia upande huo.

Na kazi ya mwuguzi ni nini, kama si kunyosha mikono mbele? Hebu fikirini. Mkono wenyewe wa mtu mwenye kilo 60 una uzito wa kilo 3 hivi, hata kama haushiki kitu. Unyoshe mbele kwa muda wa kufunga kidonda kimoja, utajua. Halafu ongeza mguu wa mgonjwa, au mwili wake mzima unaoteremka kitandani na kutakiwa kuvutwa juu kila mara. Vitanda vyetu vingi havipandi wala kushuka. Mwuguzi huinama, hunyosha mikono ng’ambo ya pili, huvuta. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa Marekani, Thomas Waters, aliyefanya kazi katika taasisi ya serikali inayochunguza usalama wa wafanyakazi, alipiga hesabu ya uzito ambao mwuguzi aweza kuuinua kwa mikono pasipo kujihatarisha wakati wa kumhudumia mgonjwa. Akapata ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Na hiyo ni pale mambo yote yanapokuwa mazuri, mgonjwa ametulia, na mzigo uko karibu na kifua. Mikono ikinyoshwa, hesabu hushuka. Mgonjwa mzima wa kilo 60 anahitaji basi watu wangapi? Nasi twawaona wauguzi wawili, pengine mmoja na shangazi ya mgonjwa, wakimwinua.

Kisha zamu yaisha, na mama arudi nyumbani. Huko bidoni ya maji ya lita 20 yamngoja kisimani, nayo ni kilo 20, hata usipohesabu plastiki yake. Sombe yangoja kinu. Mjukuu alia abebwe. Bega halijui kama ni kazi ya mshahara au ya jikoni.

Basi tumrudie mama yetu. Kine aliyempokea alikuwa kijana. Alimpima mkono kila upande, akambana hapa, akamvuta pale, akamwuliza maswali mengi juu ya shingo, vidole na kifua. Kisha akamwambia, “Mama, kano zako zimechoka lakini hazijakatika. Dawa yake kubwa ni mazoezi.”

Mama akacheka kwa uchungu. “Mwanangu, mimi nainua watu kutwa kucha, nawe waniambia nifanye mazoezi?”

Swali lake ni la haki, na wengi hulileta. Kazi na mazoezi si kitu kimoja. Kazi humpa mtu mzigo asioupima, kwa ghafula, mwili ukiwa umepinda, na kesho yake tena, pasipo kupumzika. Mazoezi humpa mzigo anaojua kipimo chake, mdogo kwanza, mwili ukiwa umekaa sawasawa, na baada yake kuna siku ya kupumzika, ambayo ndiyo siku kano na misuli hujenga nguvu. Tena kazi hutumia misuli mikubwa ya kifua na ya shingo. Ile minne midogo husahauliwa. Yafanana na mtoto wa shule: kumpiga maswali magumu kila siku si kumfundisha. Lazima kuanza na herufi.

Pengine mtu atauliza kama haifai kupasuliwa, mambo yakaisha mara moja. Miaka mingi madaktari wa nchi za Ulaya walikuwa wakikwangua mfupa ule ulio kama paa, ili kano ipate nafasi. Hata huko Uingereza wakafanya jaribio, na matokeo yake yakatolewa mwishoni mwa mwaka 2017. Wagonjwa 313 waligawanywa kwa kura: wengine wakapasuliwa kweli, wengine wakaingiziwa kioo cha kuchungulia tu pasipo kukwanguliwa kitu, wengine wasipasuliwe kabisa. Baada ya miezi sita, wale waliokwanguliwa mfupa hawakuwapita wale waliochunguliwa tu. Na makundi yote mawili yaliwazidi wasiopasuliwa kwa kiasi kidogo mno, kisichobadili maisha ya mtu. Twawaambieni haya kwa sababu tumesikia jamaa wakitaka kuuza shamba ili mama yao apelekwe mbali kupasuliwa bega. Wasiuze kabla ya kuuliza vizuri. Twasema hapa juu ya kano iliyochoka. Kano iliyokatika kwa kuanguka, hasa kwa mtu ambaye bado kijana, ni shauri jingine, nayo yaweza kuhitaji kisu upesi.

Jaribio la pili lapaswa kutufurahisha sisi tulio mbali na miji mikubwa. Lilifanywa pia Uingereza, likatangazwa mwaka 2021, nalo lilikuwa na wagonjwa 708. Wengine walimwendea mganga wa viungo hadi mara sita, akiwaongoza na kuwaongezea mazoezi hatua kwa hatua. Wengine walimwona mara moja tu, wakapewa maelezo mazuri na mazoezi ya kufanya nyumbani. Mwaka ulipotimia, makundi hayo yalikuwa sawa. Wengine walichomwa sindano ya dawa bega lenyewe. Iliwapunguzia maumivu majuma ya kwanza, lakini mwisho wa mwaka hapakuwa na tofauti. Maana yake ni kwamba mama akaaye kilometa 80 kutoka hospitali kubwa, akimwona kine siku moja tu, akamsikiliza, naye akafanya mazoezi yake nyumbani kwa uaminifu, hakukosa kitu kikubwa.

Tusiache kusema jambo moja ambalo wauguzi wetu hawalijui sana, nalo ni lao. Huko London, mwaka 1894, waliounda chama cha kwanza cha waganga wa viungo katika nchi ile walikuwa wanawake wanne, nao wote walikuwa wauguzi. Kwa hiyo mwuguzi amwendeaye kine haendi kwa mgeni. Aenda kwa ndugu.

Haya, mazoezi yenyewe. Tutayaeleza kama mama yetu alivyofundishwa, naye ametusahihisha tulipokosea.

La kwanza ni la siku ambazo maumivu ni makali. Simama kando ya meza, uegemeze mkono mzima juu yake, uiname, uuache mkono mgonjwa uning’inie kama kamba ya kengele. Usiuinue kwa nguvu zake. Yumbisha kiuno polepole mbele na nyuma, nao mkono utafuata wenyewe. Kisha kulia na kushoto. Kisha mviringo mdogo. Dakika moja au mbili yatosha, mara tatu au nne kwa siku. Zoezi hili huitwa kwa jina la Codman, mpasuaji wa Boston aliyetoa kitabu kikubwa juu ya bega mwaka 1934. Halijengi nguvu. Hulegeza tu na kutuliza, na wengi hupata usingizi wakilifanya kabla ya kulala.

Pamoja na hilo kuna zoezi la kombe, ambalo laweza kufanywa hata kazini, mwuguzi akiwa amekaa anaandika. Kaa wima. Vuta makombe mawili ya mabega nyuma na chini, kana kwamba wataka kubana kalamu katikati yake. Shika kwa kuhesabu hadi tano, achia. Mara kumi. Usipandishe mabega karibu na masikio! Hilo ndilo kosa la karibu kila mtu, na kine wetu alimgonga mama kwa kidole juu ya bega kila alipolipandisha.

Halafu mkono hufundishwa kupanda. Lala chali, shika mti wa ufagio kwa mikono miwili, na mkono mzima uubebe ule mgonjwa kwenda juu ya kichwa, mpaka pale unapokaza, kisha urudi. Baada ya siku chache simama mbele ya ukuta, na vidole vipande ukutani kama mjusi, kidogo kidogo. Mama yetu alitia alama ya kaa la makala mahali vidole vilipofika kila Jumamosi. Tulionyeshwa ukuta huo. Alama ya kwanza iko usawa wa kidevu chake. Ya tatu iko chini ya ya pili, kwa maana juma lile alifanya zamu tatu za usiku. Ya nane imepita juu ya kichwa. Watoto wamekatazwa kuupaka chokaa.

Nguvu huanzishwa pasipo mkono kusogea. Simama kando ya mwimo wa mlango, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni na kukunjwa kama pembe ya daftari. Sukuma mwimo kwa mgongo wa ngumi, kwenda nje, ukihesabu hadi kumi, pumzika, mara tano mpaka kumi. Geuka, usukume kwa upande wa ndani ya mkono. Usisukume kwa nguvu zote, nusu yake yatosha. Wengi huona maumivu yakipungua palepale.

Hilo likizoeleka, tafuta mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli uliokwisha kuchakaa, ukate utepe wa upana wa vidole viwili. Waganga wa mjini wana tepe za rangi nzuri, lakini misuli haisomi rangi. Funga mwisho mmoja kwenye nondo ya dirisha kwa usawa wa kiwiko, au kwenye mti wa mwembe. Kunja kitambaa kidogo, ukibane kati ya kiwiko na ubavu. Sasa vuta utepe kutoka tumboni kwenda nje, kiwiko kisiache kitambaa kianguke, na urudi polepole, polepole zaidi ya ulivyokwenda. Mara kumi hadi kumi na tano, pumzika, rudia, pumzika, rudia. Kisha geuka, shika ncha mbili za utepe, uvute kwa viwiko kwenda nyuma kama mtu apigaye kasia ziwani. Mazoezi haya ya utepe hufanywa mara tatu kwa juma, si kila siku. Utepe ukiwa mwepesi, ukate mwingine mpana zaidi.

Mwishoni huja kuusukuma ukuta kwa mikono miwili, mwili ukiegemea na kurudi, na kuinua chupa ya nusu lita iliyojaa maji, ambayo ni nusu kilo, mpaka juu ya kichwa. Baadaye ya lita moja. Hapo ndipo seromu yaweza kutundikwa tena kwa mkono wa kuume.

Je, yapaswa kuuma? Hapa wengi hupotea. Mmoja ahisi uchungu kidogo, aacha yote. Mwingine auma meno, afanya mara mia. Jipimie maumivu kwa hesabu ya kumi: sifuri ni raha, kumi ni maumivu makubwa kuliko yote. Yakifika nne wakati wa zoezi, na kesho asubuhi yamerudi yalipokuwa, endelea. Yakipita hapo, au kesho bega likiwa bovu kuliko jana, punguza hesabu au rudi kwenye utepe mwembamba; usiache kabisa. Wala usitazamie muujiza baada ya juma moja. Kano huenda polepole: majuma sita ndipo mtu aona badiliko, na majuma 12 ndicho kipimo cha kawaida, pengine zaidi. Kuufunga mkono kifuani majuma mengi, kama mama yetu alivyofanya kila alipopata nafasi, hudhuru, kwani kiungo kisichosogezwa hukaza. Na vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa kila siku pasipo shauri la daktari, huharibu tumbo na figo. Wauguzi wanalijua hilo, huwafundisha wagonjwa, halafu wao wenyewe huvitia mfukoni.

Kuna bega jingine lisilofanana na hili, nalo huitwa bega lililoganda. Duplay, mpasuaji wa Paris, aliandika juu ya mabega makavu ya namna hiyo mwaka 1872. Huwapata hasa watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi, na wenye ugonjwa wa sukari zaidi sana. Mkono hauendi, hata mtu mwingine akijaribu kuusogeza. Hasa hauzunguki kwenda nje. Huuma vibaya miezi ya kwanza, halafu hukaza, halafu hulegea. Safari nzima yaweza kuchukua mwaka mmoja hata mitatu. Kwa bega hilo mazoezi ni ya upole, na kulilazimisha ni kulichokoza. Mwenye bega kama hilo apimwe sukari.

Tena kuna maumivu ya bega yasiyo ya bega. Yakifuatana na kubanwa kifua, jasho baridi na pumzi fupi, ni ya moyo; msingoje asubuhi. Mwanamke aliyekosa hedhi, mwenye maumivu ya tumbo pamoja na nchani mwa bega, yawezekana mimba imetunga nje ya mji wake na damu inavuja ndani; apelekwe hospitali saa ile ile. Kiungo chekundu, chenye moto na homa, au bega lililobadilika umbo baada ya kuanguka, au mkono uliopoteza nguvu kwa ghafula, au mtu anayekonda na kutoa jasho usiku: hao wote wamwone daktari, wasianze na utepe wa baiskeli. Na ganzi inayoshuka mpaka vidoleni mara nyingi hutoka shingoni.

Sasa tuseme neno ambalo labda halitawapendeza wakubwa wote. Mwuguzi akifanya mazoezi yote hayo, kisha akarudi kumvuta mgonjwa wa kilo 80 peke yake juu ya kitanda kilicho chini kama mkeka, bega litauma tena. Kuwafundisha watu namna ya kuinua ni vizuri, lakini uchunguzi mwingi uliokusanywa na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha ya kuwa mafundisho hayo peke yake hayazuii maumivu ya mgongo. Nasi hatuoni kwa nini bega lingekuwa tofauti. Yatakiwa kubadili kazi yenyewe. Si mambo yote yahitajiyo fedha nyingi. Shuka iliyokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, watu wawili kila upande, na mgonjwa huteleza pasipo kuinuliwa. Mgonjwa aliye na nguvu aombwe kukunja magoti na kusukuma kwa miguu. Wengi waweza, hawaulizwi tu. Fimbo ya seromu ishushwe, chupa itundikwe kwa usawa wa kifua, kisha fimbo ipandishwe. Vitanda viwekwe juu ya matofali manne yaliyo imara, kwa wagonjwa wasioshuka wenyewe. Na jamaa wanaomlinda mgonjwa, ambao katika hospitali zetu ndio wanaomwosha na kumlisha, wafundishwe vilevile, maana mabega yao nayo ni mabega.

Nyumbani je? Mabwana, bidoni ya maji haina jinsia.

Mama yetu alifanya mazoezi yake miezi minne. Hakupona yote. Akishika zamu mbili mfululizo, usiku bega humkumbusha. Lakini kitambaa cha kichwa ajifungia mwenyewe, na kigoda kile amekirudisha jikoni. Kwa mkuu wa chumba chake hatimaye alikwenda, akamweleza yote, pamoja na habari ya bibi aliyeteleza. Hakufukuzwa. Mkuu yule alimsikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akafungua vifungo viwili vya koti lake jeupe, akamwonyesha bega lake la kushoto, lililobandikwa plasta ya dawa. Majuma mawili baadaye vitanda vitatu kati ya kumi na minane vilipandishwa juu ya matofali. Vile kumi na vitano bado viko chini, kwa kuwa matofali yalikwisha, na barua ya kuomba mengine imo mezani mwa msimamizi wa fedha.